Mchimbaji na apime mwenyewe dhahabu yake

Mfalme Hiero wa Syracuse alikuwa na tatizo ambalo kila mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kwenye machimbo ya Ibindi hapa Katavi analijua vizuri. Alimpa sonara dhahabu, akarudishiwa taji lenye uzito uleule, kisha maneno ya pembeni yakamfikia kwamba ndani yake imechanganywa fedha. Mzani ulikuwa umekubali, macho nayo yamekubali. Kulikata taji asingeweza, maana lilikuwa limewekwa wakfu kwa miungu. Akamwita Archimedes, mtu wa hesabu ambaye inasemekana alikuwa pia jamaa yake, amtafutie ukweli bila kuharibu kitu.

Hiero alikuwa na Archimedes wake. Mchimbaji wa Katavi akitoka mwaloni, anakooshea dhahabu, na donge lake, anayemwambia lina asilimia ngapi ya dhahabu ni yuleyule anayetaka kulinunua. Hali hiyo haifai kuendelea, na dawa yake wala haihitaji mradi wa wafadhili. Inahitaji kikombe cha maji, uzi, mzani mdogo, na somo ambalo kwa miaka mingi limefundishwa kidato cha kwanza bila mtoto kuambiwa lina kazi gani nje ya darasa.

Nalisema hili kama mtu aliyelifundisha. Nilikuwa mwalimu wa fizikia hapa Mpanda hadi nilipostaafu, na wanafunzi wangu wa zamani wakinikuta sokoni hunisalimu "Shikamoo madam" huku wakiangalia chini, kana kwamba nitawauliza swali. Somo la Archimedes lilikuwa na vifaa vyake: kopo lenye mdomo ubavuni, ambalo kwetu lilichomelewa na fundi bati wa mtaani, jiwe lililofungwa uzi, mzani wa springi, na bika ya kukinga maji. Jiwe linashushwa, maji yanamwagika, mzani unasoma pungufu. Uzito uliopungua ni sawa na uzito wa maji yaliyomwagika. Wanafunzi wanaandika, kengele inalia, tunaingia mada ya vitu vinavyoelea. Darasani wamo watoto wa wachimbaji wa Magamba, Dirifu, Kapanda na Isulamilomo, na mtihani unawauliza habari za jiwe.

Kinacholiharibu zaidi somo hili ni hadithi ya bafuni. Kila mtoto anaikumbuka: mzee aliingia kwenye beseni la kuogea, maji yakafurika, akatoka mbio barabarani uchi wa mnyama akipiga kelele kwamba amepata. Hadithi hiyo tumeipata kwa Vitruvius, Mrumi aliyeandika habari za ujenzi takriban miaka 200 baada ya Archimedes kufa. Archimedes mwenyewe, katika kitabu chake kuhusu vitu vinavyoelea, hataji taji wala bafu. Mimi siipendi. Watoto wanamcheka mzee, na dhahabu wanaisahau.

Tena ukiifuata hadithi kama ilivyo, sonara humkamati. Fanya hesabu. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, ya fedha ina gramu 10.5. Taji la kilo moja la dhahabu tupu litachukua nafasi ya sentimita za ujazo 52 hivi. Sonara akiiba gramu 300 na kuziba pengo kwa fedha, taji litachukua 65. Tofauti ni 13. Ukilizamisha kwenye chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 20, kina cha maji kitazidi kwa chini ya nusu milimita. Nani ataiona nusu milimita kwenye maji yanayotikisika, na nani atamtia mtu hatiani kwa ushahidi huo? Galileo aliliona hilo akiwa kijana wa miaka 22. Mwaka 1586 aliandika kijitabu kuhusu mizani midogo, akasema mtu mwenye akili ya Archimedes asingetumia njia hafifu namna ile. Bila shaka Archimedes alilipima taji likiwa linaning'inia majini. Niko upande wa Galileo.

Njia yenyewe nitaieleza kama tulivyoifanya barazani kwangu na kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa ana duara kwa ubia na wenzake. Alikuja na donge lililokwisha kuyeyushwa na kuganda vizuri, limekunjwa ndani ya karatasi ya daftari.

"Madam, broka anayelinunua ameniambia ni asilimia themanini. Nimkubalie?"

"Amelipima kwa kutumia nini?"

"Kwa macho, na kwa kulisugua kwenye jiwe lake jeusi."

Mzani aliokuwa nao ni ule mdogo wa betri unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Donge lilisoma gramu 20.00, bahati iliyoturahisishia hesabu. Tukaweka juu ya mzani kikombe cha plastiki chenye maji nusu, tukabonyeza kitufe usomaji ukarudi sifuri. Donge likafungwa kwa uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia, likashushwa hadi likazama lote bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe. Hapo ndipo wengi hushangaa. Wanadhani mzani hautasoma kitu kwa kuwa donge limeshikwa kwa mkono. Unasoma. Maji yanalisukuma donge kwenda juu, nalo donge linayasukuma maji kwenda chini kwa kiasi kilekile, na mzani uko chini ya maji. Ulisoma 1.12.

Hizo ni gramu za maji yaliyosukumwa kando. Kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, hiyo 1.12 ndiyo ujazo wa donge. Gawanya 20 kwa 1.12, unapata karibu 17.9, ambayo ndiyo densiti yake. Dhahabu tupu ya gramu 20 ingesoma 1.04. Yenye asilimia 90, kilichobaki kikiwa fedha, husoma 1.12. Yenye 80 husoma 1.21, na yenye 70 husoma 1.30. Kijana akabadilisha maji, akautikisa uzi ili kuondoa kiputo cha hewa kilichokuwa kimeng'ang'ania ubavuni mwa donge, akashusha tena. 1.12.

Kati ya 80 na 90 kwenye donge la gramu 20 kuna gramu mbili kamili za dhahabu. Kwa lugha ya machimboni, ambako pointi ni sehemu ya kumi ya gramu, hizo ni pointi ishirini. Wapo watu Mpanda walioezeka chumba na baraza kwa pointi kama hizo. Kijana alimrudia broka wake bila kelele, akamwomba tu wapime pamoja kwa maji. Broka alicheka, akapandisha hadi themanini na nane kabla uzi haujaloweshwa. Mwishowe donge lilipelekwa soko la madini mjini, na mashine ya pale ilisoma karibu sana na tulichosoma sisi barazani.

Ningependa msomaji aitafakari ile themanini na nane. Mtu anayejua anachokifanya haongezi nane kwa kuombwa kupima tu.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa, nieleze ni wapi maji hushindwa. Kwanza ni donge dogo. Kwenye gramu 20, kosa la sehemu moja ya mia ya gramu katika usomaji wa majini linakupotosha kwa asilimia moja hivi. Kwenye donge la gramu mbili, kosa hilohilo linakupotosha kwa zaidi ya asilimia kumi, kwa hiyo mwenye pointi tano na mzani wa kawaida asijisumbue. Pili ni dhahabu iliyotoka kuchomwa zebaki na haijayeyushwa. Ndani yake kuna matundu. Matundu yanashika hewa, na dhahabu nzuri inaonekana hafifu. Iyeyushwe kwanza. Zebaki iliyobaki ndani nayo inaipotosha hesabu, kwa sababu densiti yake ni 13.6. Tatu ni shaba. Namba za asilimia nilizotaja hapo juu zinadhani mchanganyiko ni fedha, ambayo ndiyo rafiki wa kawaida wa dhahabu inapotoka ardhini. Ikiwa mtu ametia shaba, donge la asilimia 90 litasoma kama la 86. Hilo linamuumiza muuzaji, ila angalau halimdanganyi mnunuzi.

Na ipo tangisteni. Densiti yake ni 19.25, karibu kabisa na ya dhahabu. Kipande cha tangisteni kilichofunikwa dhahabu kitapita kwenye maji ya Archimedes salama salmini. Huo ni wizi wa watu wenye mitaji, wanaofanya biashara ya vipande vikubwa huko mbali. Kwenye madonge ya mialo yetu sina wasiwasi nao.

Kwa upande mwingine, ile mashine ya mionzi inayotumika sokoni, wengi wanaiita kwa herufi zake, XRF, husoma ngozi ya donge. Inaona tabaka jembamba la juu na kulihesabia donge zima. Kwa dhahabu iliyoyeyushwa ikachanganyika sawasawa inasema kweli, tena inataja kila madini kwa jina lake, jambo ambalo maji hayawezi. Lakini maji hupima donge lote, ngozi na moyo. Mwenye vipimo vyote viwili hadanganyiki kirahisi, na mwenye kimoja cha bei nafuu yuko mbali sana na asiye na chochote.

Najua nitaulizwa: si kuna soko? Lipo, na sina ugomvi nalo. Serikali ilianzisha masoko ya madini mwaka 2019, na Mpanda ikapata lake. Wakati huo muuzaji alikatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, na mchimbaji mdogo akaondolewa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio ili asikimbilie kuuza gizani. Ulikuwa uamuzi mzuri. Ila soko liko mjini na duara liko porini, na kati yake kuna mtu aliyetoa dizeli ya pampu, unga, maharage, na nauli ya mgonjwa kwenda hospitali ya mkoa. Mtu huyo hakusubiri benki ifungue tawi machimboni. Duara likigoma miezi mitatu, amekula hasara pamoja na wachimbaji. Siwezi kuwaita mabroka wote wezi. Wengine ni wadhamini kuliko ndugu wa damu. Ninachotaka ni kwamba faida yao waitoze waziwazi. Broka akisema, "Nilikupa laki tano, narudisha laki sita," hilo ni jambo la kukubaliana. Akiificha laki yake ndani ya asilimia za dhahabu, mchimbaji hatajua kamwe alikopa kwa riba gani.

Linaloniuma zaidi ni kwamba machimbo yetu yanaendeshwa na kanuni hiyohiyo kutwa nzima. Mtazame mama anayezungusha karai mwaloni. Densiti ya jiwe jeupe la kwatzi ni 2.65. Hewani dhahabu ni nzito kuliko jiwe la ukubwa uleule mara saba na kidogo. Ndani ya maji kila kimoja kinabebwa na maji ya ujazo wake, kwa hiyo toa moja kila upande: zinabaki 18.3 na 1.65, na sasa dhahabu ni nzito mara 11. Ndiyo maana anaosha kwa maji hata kiangazi, wakati maji yenyewe yanaletwa kwa ndoo kwa pesa. Anapokamatisha kwa zebaki, chuma chenye densiti ya 7.9 kinaelea juu yake, hata risasi yenye 11.3 inaelea, na dhahabu peke yake inazama na kushikwa. Yule mama anaijua fizikia hii kwa mkono. Hakuna aliyekwenda kumwambia kuwa imeandikwa, na kwamba inaweza kumpa namba.

Mji wenyewe uliinuka juu ya madini mazito. Kabla Mpanda haijawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi mwaka 2012, na kabla ya mpunga wa Mwamkulu na Kakese, palikuwa na mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210, ililetwa kwa ajili ya mgodi huo mwishoni mwa miaka ya 1940. Galena, jiwe linalotoa risasi, lina densiti ya 7.5, kipande cha ukubwa wa kiberiti kinamshangaza mtoto akikishika mara ya kwanza. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na sisi tunaisafiria.

Mambo mengine ya Archimedes yamejaa hapa kwetu pia. Mtaimbo unaoinua mwamba duarani ni wenzo, na ni yeye aliyethibitisha kwa hesabu kwa nini mkono mrefu unashinda mzigo mzito. Ile parafujo ya kupandisha maji inayobeba jina lake huenda Wamisri waliijua kabla yake. Hata hivyo Warumi waliitumia kukausha migodi yao huko Hispania, ngazi kwa ngazi, jinsi wachimbaji wetu wanavyohangaika na pampu masika. Binamu yake iko leo ndani ya mashine ya kukamua alizeti. Na 22 chini ya 7, ambayo kila mtoto wa Tanzania ameikariri bila kuambiwa imetoka wapi, ni kikomo cha juu alichokipata kwa kuuzungushia mduara umbo lenye pembe 96. Pai ya kweli iko chini yake kidogo, naye alisema hivyo wazi.

Kwenye Ziwa Tanganyika ndiko kanuni yake inapoua watu. Pale Ikola na Karema boti za mbao hupakia mahindi, mchele na abiria kwa kukadiria. Chukua boti ambayo mahali inapokutana na maji ina eneo la mita za mraba 15. Kila gunia la kilo 100 litaizamisha kwa takriban theluthi mbili za sentimita. Magunia 15 ni sentimita kumi. Nahodha anayeacha ukingo wa sentimita 30 juu ya maji, kisha akakubali magunia 15 zaidi kwa kuwa wenyewe wamemwomba sana, ameuza theluthi nzima ya usalama wake, na wimbi la Tanganyika wakati wa upepo wa kusi halipigi hodi. Mstari wa rangi uliochorwa ubavuni mwa boti, ukihesabiwa kwa njia hiyo, ungezuia mabishano mengi. Meli ya Liemba ni ushahidi wa kutosha kwamba chuma kinaelea kwa hesabu: Wajerumani waliizamisha makusudi tarehe 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuipaka injini grisi nene, Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina tulilolizoea. Uzito wa chuma chake haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba ilipata tena nafasi ya kusukuma maji kando.

Kwa nini basi elimu hii imebaki kwenye madaftari? Nadhani tumerithi dharau ya zamani. Plutarch, aliyeandika miaka mia tatu baada ya Warumi kuiteka Syracuse na askari wao kumuua Archimedes mwaka 212 KK, anadai kuwa mzee yule aliidharau kazi ya mikono na hata hakutaka kuandika habari za mashine zake. Heshima, kwa mujibu wake, ilikuwa kwenye hesabu tupu. Walimu wengi wanaipenda picha hiyo. Hata kaburi la Archimedes, ambalo Mrumi Cicero alilikuta mwaka 75 KK limemezwa na vichaka, lilichorwa tufe na silinda, si mtambo wowote.

Ila mwaka 1906 mtaalamu wa Denmark aitwaye Heiberg, akiwa Constantinople, alichunguza kitabu cha sala kilichoandikwa mwaka 1229 juu ya ngozi iliyofutwa maandishi ya zamani. Chini ya sala alikuta kazi ya Archimedes iliyokuwa imepotea, barua kwa rafiki yake Eratosthenes. Humo anakiri kwamba mambo yake makubwa, pamoja na uhusiano wa tufe na silinda uliochorwa kaburini, aliyagundua kwanza kwa njia ya mizani. Alilikata umbo kuwa vipande vyembamba akilini, akavitundika upande mmoja wa mzani, akatafuta kinachovisawazisha upande wa pili. Uthibitisho wa kihesabu aliutafuta baadaye. Plutarch anaweza kusema apendavyo. Mimi namwamini mwenye barua.

Kwa hiyo shule za Katavi zisione aibu kuanzia kwenye mzani. Vifaa viko jirani. Kipande cha galena na kipande cha kwatzi vinatosha kwa kipindi kizima: 7.5 na 2.65, na mtoto ataziona namba hizo zikitoka kwenye kikombe chake mwenyewe. Anawe mikono baadaye, risasi ni sumu. Kufuli bovu la shaba nyeupe, risasi za nyavu kutoka Karema, msumari, vyote vipimwe, na mtihani wa vitendo umwulize mwanafunzi: hiki ni nini, na umejuaje?

Machimboni kazi iwe ya halmashauri, ofisi ya madini na vyama vya wachimbaji wenyewe. Kila mwalo uwekewe kibao chenye jedwali la madonge ya gramu 10, 20 na 50, usomaji wa majini upande mmoja na asilimia upande mwingine. Mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, maana hii midogo ya betri huhama taratibu bila mwenyewe kujua. Mzani mmoja kama ule wa kijana wangu haufiki bei ya gramu moja ya dhahabu. Ukae kwa kiongozi wa mwalo, usikae kwa mnunuzi.

Wanaohitaji kufikiriwa kwa namna ya pekee ni wanawake wanaoosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Dhahabu yao ni ya pointi mbili, pointi tatu, na nimeshaeleza kwamba kwa kiasi hicho mzani wa kawaida hausaidii. Wao wanataka mzani unaosoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu, ambao ni ghali kwa mtu mmoja, lakini vikundi vyao vya kuweka na kukopa vimekwisha kununua vitu vya bei kubwa kuliko huo. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inawahusu. Wakiona ni bora kukusanya dhahabu yao ya wiki nzima, kila mmoja na hesabu yake daftarini, iyeyushwe kwa pamoja, ipimwe kwa maji na kuuzwa sokoni kwa jina la kikundi, hata mzani wa kawaida utawatosha.